Foleni ya Nini

Mwaka 1975 Kampala haikuwa na sukari wala sabuni, kwa hiyo ukiona foleni ulisimama kwanza, maswali baadaye. Ndivyo Cleopas Obonyo, Mkenya aliyefundisha bayolojia katika shule moja ya Mengo, alivyojikuta Nakivubo nyuma ya gauni la kitenge cha manjano lililomkaa mwenyewe barabara.

"Dada, foleni ya nini?"

"Sijue," alisema Kahambu, fundi cherehani kutoka Kongo. "Niliona batu, na miye nikasimama."

Wakacheka hadi askari mwenye bunduki akawageukia. Kumbe ilikuwa chumvi. Waligawana pakiti moja, na kufikia Krismasi walikuwa hawaachani.

Kahambu alizoea kumsaidia kuyavalisha madaftari ya wanafunzi karatasi za kaki. Jumapili moja akafungua moja. Mwanafunzi alikuwa ameandika: "Kusudi la uhai ni kuzaa na kurithisha." Pembeni, tiki nyekundu ya Cleopas. Kahambu alitolewa kizazi akiwa na miaka ishirini, na hakuwa amemwambia. Alilifunga daftari, akavaa viatu, akaenda zake.

Kesho yake simu ya shule ililia.

"Mwalimu, usinitafute. Miye siwezi kuzala. Na wewe uliweka tiki."

Akakata. Masikini Cleopas, tiki ile aliiweka kwa sababu mtihani ulitaka hivyo. Hakuwahi kujiuliza kama anaiamini. Cherehani ya Kahambu ikakutwa imefunikwa, chumba kimefungwa. Siku zile mtu asipoonekana, watu hawakuuliza kwa sauti.

Baada ya wiki mbili Cleopas aliliona gauni la manjano Nakivubo, kwenye foleni. Akashusha pumzi, akasimama nyuma yake.

"Nimekutafuta hadi Lubaga. Nilidhani wamekuchukua."

Hakugeuka. "Na tiki?"

"Kitabu kinajua uhai unavyopita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Unapita kwa ajili ya nini, hakijui. Mpenzi, wiki mbili hizi sikuwaza watoto hata mara moja. Niliwaza kicheko chako."

"Mama yako atataka bajukuu."

"Atalia. Halafu atataka umshonee gauni."

Kahambu akageuka, analia na kucheka.

"Foleni ya nini hii?" Cleopas aliuliza.

"Sijue."

"Utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa." Akarudi hatua moja, wakasimama bega kwa bega.

"Nyinyi," alilalamika mama mmoja nyuma yao, "hiyo nafasi ni ya mtu mmoja."

"Ndiyo, mama," alijibu Cleopas. "Tuhesabu kama mmoja."