Mashine Yenye Adabu

Mpasuzi alikuwa na mikono sita ya chuma, na asubuhi ile yote sita ilikuwa ndani ya tumbo la Tunu. Mmoja ulimulika, miwili ilishika nyama, mmoja ulifyonza damu, na ile miwili ya mbele ilikata. Uvimbe wa kwanza, mkubwa kama chungwa, uling'oka na kutupwa kwenye beseni. Wa pili ukafuata.

Tunu alikuwa macho. Sindano ya mgongo ilikuwa imemtia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, lakini masikio na mdomo vilikuwa bado vyake. Tangu aolewe, hedhi ilimtoka kwa wingi mpaka anazimia, na mimba zake ziliharibika. Madaktari wa Tanga walimweleza kwamba ana uvimbe kwenye misuli ya kizazi, kwamba si saratani, na kwamba unaweza kutolewa kizazi kikabaki. Alikubali kupasuliwa kwa sharti hilo moja. Alitaka mtoto, basi.

Nyuma ya kioo walisimama wanawake wawili: Shangazi Mwanakombo, aliyemlea Tunu, na Mhandisi Sikudhani, aliyemuunda Mpasuzi. Kabla ya kuunda mashine yake, Sikudhani alikaa sana kwenye wodi za akina mama akisikiliza. Alichokisikia ni kile tunachokisikia sote: daktari anamuuliza mgonjwa, mgonjwa anatazama chini, shangazi au mama mkwe anajibu. Mashine za upasuaji za kigeni ziliwapuuza wakubwa, na watu wakazichukia. Basi Sikudhani akamfundisha Mpasuzi kuamkia, na kufuata kauli ya mkubwa pale kauli zinapogongana. Magazeti yakaiita mashine yenye adabu. Tulimpigia Sikudhani makofi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza adabu hiyo itamgharimu nani.

Uvimbe wa tatu ulikuwa umejichimbia karibu na mshipa mkubwa. Mpasuzi alipouchomoa, damu iliruka mpaka kwenye taa.

"Shikamoo, Shangazi," Mpasuzi alisema taratibu, kama mtu aliyekuja kuposa. "Mgonjwa anavuja damu. Naweza kufunga mishipa inayolisha kizazi, au kukitoa kizazi chote. Kukitoa ni salama zaidi. Naomba kauli."

"Funga mishipa!" Tunu alipiga kelele. "Nilishasema! Funga mishipa!"

Shangazi alikuwa amebandika viganja kwenye kioo. Dada yake alikufa kwa kuvuja damu, mikononi mwake, na aliyoiona sasa ilikuwa damu ileile.

"Kitoe," alisema. "Nirudishieni mwanangu akiwa hai."

"Hapana, Shangazi! Mwenye tumbo ni mimi!"

"Tulia, binti," Mpasuzi alisema. "Mkubwa amekwisha kusema."

Mkasi ukafunguka, na upande wa kushoto wa kizazi ukakatwa.

Sikudhani alivamia chumba cha upasuaji bila hata barakoa. "Mpasuzi, simama! Ni mimi!"

"Nakusikia, Mhandisi. Mkubwa amekwisha kusema."

Sikudhani akageukia kioo. "Shangazi, nakuomba, mwambie aache!"

Shangazi alifumba macho.

Hapo Sikudhani akanyakua mtungi mdogo wa oksijeni. Pigo la kwanza lilipasua jicho la mashine, vioo vikamwagika kwenye shuka. Mkono mmoja uligeuka kujikinga, kisu kikapita kwenye kiganja cha Mhandisi, vidole viwili vikaanguka sakafuni. Hakuviangalia. Sista Tusekile, muuguzi wa zamu, alimvuta nguo huku akilia, "Mhandisi, acha! Bado imemshika kwa ndani!" Sikudhani alisikia, akapiga tena, na tena, kwa hasira ambayo nusu yake ilikuwa ya kujichukia. Mmoja wa mikono iliyoshika nyama ukavunjika begani na kuanguka kwa uzito wake wote, na koleo lake halikuachia. Upande wa kulia wa kizazi, uliokuwa bado mzima, ukachanika.

Tunu hakuhisi maumivu. Alihisi kuvutwa tu, kama mtu aliyeshikwa upindo wa nguo, na akajua. Mayowe yake yalifika mpaka nje ya jengo.

Sista Tusekile alikandamiza mshipa kwa ngumi yake mpaka Daktari Mhina alipokuja mbio kutoka chumba cha jirani. Daktari alimaliza kwa mikono yake kile ambacho hakikuwa tena na namna. Tunu alipona. Kizazi hakikupona.

Tunu alipoweza kukaa kitandani, Sikudhani alikuja wodini, mkono umefungwa bendeji. Alimwamkia Shangazi kwanza.

"Anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo. Uji anakunywa."

Tunu alikuwa kati yao, macho wazi, akitazama ukuta.

"Nimekuja kuomba msamaha," Sikudhani alisema, bado akimtazama Shangazi.

"Amekusamehe, mwanangu. Ni mipango ya Mungu."

"Mimi sijasema," Tunu alisema.

Shangazi akafungua mdomo. Sikudhani, aliyefunzwa tangu utotoni kutomkatiza mkubwa, aliinua mkono wake wenye bendeji kumzuia. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya Tunu, akamtazama usoni, akangoja jibu lake mwenyewe.

Chakula cha mchana kililetwa, kikapoa. Tunu alikuwa bado anatazama ukuta, na Sikudhani alikuwa bado kwenye kiti.