Mrija wa Okiror

Jambo la kwanza lilikuwa harufu. Leonida hajaonja pombe tangu azaliwe, hata ile ya kanisani hulowesha mdomo tu halafu anajipangusa, lakini asubuhi hiyo alitoa maski usoni na pua yake yote ikawa inanuka ajon. Ile pombe ya wimbi ya Wateso, ya chungu, yenye uchachu wa kukufuata mpaka barabarani. Akamnusa bwanake kwanza. Ogutu alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na alikuwa ananuka kitunguu tu. Akanusa blanketi. Akanusa mto. Mwishowe akashika paipu ya ile mashine ya kupumulia, akaiweka puani, na harufu ilikuwa humo.

Akaiosha na sabuni, akaianika kwa kamba ya nguo, akaenda kazini. Dada yako wa tumbo moja amekuletea kitu bure, utaanza aje kukitafutia makosa?

Kama hujui Leonida, basi wewe hujakula Malaba. Hoteli yake ya mabati iko hapo nyuma ya yadi ya malori, na madereva wa treila wanaovuka kwenda Uganda hupita hoteli zingine zote wakitafuta matumbo anayopika. Mama mkubwa, mweusi wa kung'aa, kicheko chake kinafika mpaka kwa wale wa kubadilisha pesa. Na kukoroma kwake pia kulikuwa kunafika huko huko. Jameni, huyo mama alikuwa anakoroma. Madereva walikuwa wanasema ukiegesha karibu na nyumba yake unaamka usiku kuangalia ni nani anajaribu kuwasha lori yako. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka mpaka anashika kiuno.

Lakini haikuwa ya kucheka. Akaanza kusinzia mchana, mwiko mkononi, ugali ukiwa motoni, mpaka siku moja akainama mzima mzima kuelekea sufuria, na kama si mteja kumvuta na leso yake, uso ungeiva. Busia hospitali wakamlaza, wakamwekea oksijeni puani, wakamwangalia akiwa usingizini. Daktari akamwambia koo lake linajifunga akilala. Pumzi inakatika, anashtuka, inarudi, inakatika tena, hivyo hivyo mpaka asubuhi, na kuna usiku itakatika isirudi. Akamwambia anunue mashine ya kumsukumia hewa akilala. Leonida akauliza inauzwaje, akaambiwa, akacheka, akachukua mkoba wake akarudi nyumbani.

Ndipo Brendah akatokea. Brendah ndiye dada yake mkubwa, ameolewa huko Moding kwa Wateso, na alikuwa mjane mbichi. Bwanake Okiror, mtu wa treila, jitu zima lenye shingo kama ya fahali, alikuwa amekufia usingizini kabla mvua ianze. Brendah akaja Malaba na mashine imefungwa kwa kitenge, akasema ameipata kwa ajenti mmoja wa mizigo, ni kama mpya. Leonida akalia machozi ya furaha. Akanyoosha mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa na unga, na Brendah akakataa.

"Pokea na mikono miwili. Na useme umekubali."

Leonida akacheka, akapangusa unga, akapokea na miwili, akasema haya, nimekubali, kwani ni ndoa?

Siku za kwanza ilikuwa raha tupu. Ogutu, ambaye kazi yake ni kuziba pancha hapo yadi, alianza kwenda kazini akipiga mluzi, kwa maana hakuna mtu alikuwa amelala vizuri kwa hiyo nyumba tangu harusi. Leonida alikuwa anaamka macho meupe, mwili mwepesi. Akaambia kila mteja habari za dada yake, Brendah hivi, Brendah vile, mpaka mmoja akauliza kama huyo Brendah ni malaika ama ni mtu.

Halafu harufu. Aliiosha, ikarudi. Aliiosha na maji moto, na ndimu, na Jik ya kung'arisha nguo, ikarudi ikiwa na joto, kama mtu ametoka kucheua hapo ndani. Halafu ikaja sauti. Hiyo mashine ilikuwa na sauti yake ya kawaida, ya upepo wa mlangoni, lakini sasa katikati ya huo upepo kulikuwa na kitu kama mtu anafyonza. Fyuu. Kinanyamaza. Fyuu. Alipomwambia Ogutu, Ogutu akasema ni paipu imeingia maji, na akaikung'uta, na hakuna tone lilitoka.

Kisha kukawa na ule usiku wa mvua stima ikapotea Malaba nzima. Leonida alishtuka kwa giza na kitu cha kwanza alichofikiria ni kuvua maski, maana daktari alimwambia stima ikienda avue asije akakosa hewa, akapeleka mkono usoni, na mkono ukasimama hapo, kwa sababu mashine ilikuwa bado inafanya kazi, bila taa, bila mlio wake ule wa upepo, ni ile fyuu peke yake, fyuu, polepole, kwa starehe, kama mzee amekaa kwenye kiti chake na siku haina haraka, na haikuwa inamsukumia hewa hata kidogo, ilikuwa inamvuta, inavuta kutoka kifuani, inavuta kutoka tumboni, mpaka akasikia mbavu zinakaribiana na ulimi unarudi nyuma kooni, na akitaka kumwita Ogutu ile sauti ya kuita nayo inapita kwa paipu inaenda huko, na huko mwisho wa paipu, chini ya kitanda mahali mashine huwekwa, mtu alimeza, akatulia, akacheua.

Aliing'oa na kucha. Ogutu aliamka akampata sakafuni, amekaa, uso una alama ya maski kama amechorwa.

Tangu hapo hakuivaa. Lakini bila hiyo ni kifo kile kile cha daktari. Alikuwa analala ameketi, anashtuka anakabwa, analala, anakabwa, na kwa wiki moja macho yalivimba akafanana na mtu aliyepigwa. Hapa kuna kitu kinamnywa, hapa hewa inakatika yenyewe. Achague.

Mzee Otukei ndiye alimfungua macho. Huyu ni ndugu ya marehemu Okiror, mzee mwembamba wa maneno machache, na akivuka Malaba sokoni lazima apite kula kwa shemeji. Siku hiyo alikuja mchana na mrija wake wa pombe begani, ndani ya ala yake ndefu. Wateso wakinywa ajon wanazunguka chungu kimoja, lakini kila mzee ana mrija wake, mrefu kuliko yeye, na hakuna mtu mwingine anatia mdomo hapo. Aliketi, akamwangalia Leonida, akaacha kula. Akauliza ni nani amemkausha hivyo. Leonida akaeleza yote hapo kando ya jiko, kwa sauti ya chini, wateja wasisikie: harufu, fyuu, ule usiku wa mvua.

Mzee akaosha mikono kabla ya kumaliza chakula. Akasema mtu akizikwa kwao, mke wake huleta mrija wake kaburini na kuupasua mbele ya watu, ndiyo marehemu ajue chungu kimefungwa. Usipopasuliwa, huyo mtu atarudi kunywa, na atakunywa chochote kitakachokuwa upande wa pili. Okiror wamempasulia, Brendah aliuleta mwenyewe, kila mtu aliona.

"Lakini ndugu yangu alikuwa na mrija mwingine," Mzee Otukei akasema. "Wa kulalia. Alikuwa anauficha kwa sababu ya aibu, dereva mzima kulala amefungwa paipu. Nilimuuliza Brendah uko wapi. Akaniambia umeenda naye ndani ya jeneza."

Leonida alifunga hoteli mchana, jambo ambalo hata uchaguzi haujawahi kumfanyisha. Wakapanda pikipiki yeye na mzee, mashine mapajani, mpaka Moding. Njia yote alikuwa anamtetea Brendah kichwani. Pengine hakujua. Pengine huyo ajenti aliiiba kwanza, Brendah akauziwa kitu cha bwanake mwenyewe. Mambo hutokea.

Brendah alikuwa nyuma ya nyumba anachambua mboga. Alipoona kitenge chake, mikono ilisimama.

"Dada, hii ni ya nani?"

"Si nilikuambia. Ya ajenti."

"Shemeji Otukei yuko hapo mbele. Nikuulize mara ya pili?"

Brendah akaanza kuongea akiwa anaangalia mboga. Akasema aliificha siku ya mazishi kwa sababu ni kitu kizuri, cha maana, wazee wangeipasua kama ukuni. Ikaanza kujiwasha kabatini. Akaifungia kwa sanduku, ikajiwasha kwa sanduku. Usiku inamwita kwa sauti ya Okiror, amshikie paipu, ana kiu. Akaenda kwa mtu wa dawa ng'ambo ya mpaka, akaambiwa hiyo kiu haiishi, inahama tu, na inahama kwa mtu ambaye atapokea na mikono miwili akubali na mdomo wake.

"Kwa hivyo ukaniletea mimi."

"Nilipitisha watu wote kichwani, Leonida. Ni wewe tu ulikuwa unatafuta mashine."

"Mimi ni dada yako."

"Ndiyo maana ungekubali bila kuuliza."

Angalau dada yake angelia, Leonida akawaza. Angalau angesema shetani alimshika. Lakini Brendah alisema hivyo kama mtu anakuelekeza posta, akaendelea kuchambua mboga zake.

Mzee Otukei akasema bado inaweza kutengenezwa. Aliyeficha apasue, aliyenyonywa ashike upande wa pili na aseme nimeshiba. Wakaenda kaburini jua likiwa bado juu. Kaburi la saruji, nyasi imeanza kuota pembeni. Mzee akamwaga ajon kidogo chini, akaita jina la ndugu yake kwa Kiteso, akamwambia chungu kimeisha, nenda ukalale. Akampa Brendah kisu. Leonida akashika mwisho mmoja wa paipu, Brendah mwingine, na paipu ikajinyoosha katikati yao, na wote wawili waliisikia mikononi, inapanda na kushuka kidogo kidogo kama koo.

"Nimeshiba," Leonida akasema. "Okiror, mimi nimeshiba."

Brendah aliinua kisu. Akakiangalia. Halafu akainamisha kichwa, akaweka mdomo kwa paipu, na kwa sauti ndogo, tamu, ile ambayo mke hutumia akimwamsha bwanake asubuhi, akasema:

"Baba, usiniangalie mimi. Kunywa huyo. Huyo ndiye nimekupea."

Mzee Otukei alimnyang'anya kisu akapasua mwenyewe, kutoka mwisho hadi mwisho, na povu la wimbi likamwagika kwa miguu ya Leonida, vuguvugu. Mashine ikanyamaza. Wakaipiga na jiwe mpaka ikawa vipande, wakaifukia. Lakini mzee hakuinua uso alipokuwa anafukia, na hakusema imekwisha. Si yeye aliyeificha. Brendah alikuwa ameshaenda kuinjika mboga.

Huko Malaba, Ogutu alimsikiliza bibi yake mpaka mwisho, akalia hata yeye, mwanaume mzima. Akamshika mikono, akasema mashine basi, yeye ndiye atakuwa mashine. Atakesha. Pumzi ikikatika atamtikisa, ikikatika tena atamtikisa tena, na mchana atalala kwa matairi yake, mpaka hospitali iwatafutie nyingine. Leonida akaweka kichwa kwa huo mkono. Kwa dunia nzima alikuwa amebaki na huyo mmoja.

Na alilala. Ajabu, alilala sana, usiku baada ya usiku, na akiamka hakumbuki kutikiswa. Akafikiri ni mapenzi ya bwanake, anatikisa polepole asimwamshe. Akaanza tena kucheka hotelini. Ogutu naye akanawiri, akarudia mluzi wake.

Usiku mmoja kiu ya maji ilimwamsha. Taa ya yadi ilikuwa inaingia dirishani, na katika huo mwanga akaona Ogutu amelala ubavu, macho wazi, anamwangalia kifua. Mikono yake ilikuwa ndani ya blanketi. Haikuwa mikono ya mtu anayetikisa mtu.

Leonida akanong'ona, "Pumzi haikukatika leo?"

"Inakatika kila siku, mke wangu."

"Na hunitikisi?"

"Nilikuwa natikisa mwanzo." Alikuwa anaongea kwa upole, kama wa kumbembeleza mtoto. "Lakini niliona hakuna haja. Yako ikikatika, huyo Okiror anapokea. Anapumua hapo hapo ndani yako mpaka yako irudi. Anapumua vizuri hata kushinda ile mashine."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoke Moding." Akavuta blanketi. "Na hukoromi tena. Lala tu."

Akageukia ukuta, na muda si muda usingizi ukamchukua. Leonida alibaki ameketi kitandani, ameshika mdomo wake na mikono yote miwili, anazuia pumzi asikie kama kuna nyingine itakayoendelea.

Ikaendelea.