Gunia la Madigadi ya Kulia

"Na huyo aliyekaa madigadi ya kulia, mtamshushia wapi?"

Aliyeuliza ni mama mmoja muuza asali, Thacienne, kando ya barabara ya kutokea Inyonga, jua likizama nyuma ya miombo. Alikuwa ameshika chupa mbili, lakini hakuwa anawatazama wateja wake. Alitazama upande wa pili wa trekta.

Juu ya trekta walikuwa wawili tu. Enoka kwenye usukani, na mdogo wake, Pudensiana, kwenye madigadi ya kushoto, bati la juu ya gurudumu. Ya kulia ilikuwa na gunia basi.

Enoka akacheka. Pudensiana akalipia chupa moja, akasema twende, giza linaingia.

Trekta likaondoka.

Ilikuwa mwaka 1994, wiki chache kabla ya mvua. Pudensiana alikuwa mwaka wa pili chuoni, na kwenye midahalo ya kule hakuna mvulana aliyeomba kupangwa upande wa kupingana naye. Chuo kilipofunga, baba yao, Apolinari, mkulima wa mpunga wa kijiji cha Mamba, aliwatuma Inyonga wakanunue trekta. Mpunga wa misimu mitatu ulikuwa umeingia humo. Trekta likifa, nyumba nzima inarudi kwenye jembe la mkono, na Enoka anarudi kuwa kibarua kwenye tumbaku za watu. Ndiyo maana alitumwa msomi. Ili wasiibiwe.

Na kweli alilikagua kama mtu anayetafuta ugomvi. Alichomoa kijiti cha oili, akakitazama juani. Oili haikuwa na weupe wa chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia. Akautazama moshi. Akamwambia Enoka akanyage klachi, ainue plau, alishushe, ainue tena. Lilikuwa trekta kuukuu lenye afya kuliko umri wake.

Muuzaji, mzee Silvester, alisubiri waandikiane. Kisha akatoa plaizi mfukoni, akaanza kukata waya uliofunga gunia kwenye madigadi ya kulia. Gunia la katani, limekunjwa mara nne, limebonyea katikati kama kiti cha mtu wa siku zote.

Sasa, Pudensiana alikuwa ameshasikia habari za wauza matrekta. Unaandikiana nao, unakwenda kunywa maji, unarudi unakuta betri imebadilishwa, jeki haipo, tairi jipya limegeuka kipara. Alikuwa amejiapiza. Kwake yeye hakitang'oka kitu, hata msumari.

"Mjukuu, hili acha nilishushe," mzee alisema. "Halina faida kwenu."

"Babu, tumeshaandikiana. Linaondoka kama lilivyo."

"Ni gunia tu."

"Kama ni gunia tu, mbona unaling'ang'ania?"

Enoka akamnong'oneza amwachie mzee gunia lake, nyumbani yamejaa. Wapi. Pudensiana alikuwa ameshapanda jukwaani. Akaeleza jinsi mkulima mdogo anavyonyonywa tangu mbegu hadi mzani, na jinsi wizi mkubwa unavyoanza na kitu kinachoitwa "tu". Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akarudisha plaizi mfukoni.

"Rudia ulichosema. Mke wangu asikie."

Akarudia: trekta linaondoka kama lilivyo, na gunia lake. Kwa sauti. Neno kwa neno.

Mzee na mkewe wakashusha pumzi kwa pamoja...

Njia nzima, siku mbili, kulikuwa na harufu. Tumbaku mbichi na udongo uliolowa. Mvua ilikuwa bado.

Mamba walilipokea kwa vigelegele. Enoka alitoa upepo kwenye pampu ya dizeli, akabadilisha oili, akapaka grisi kila kiungo. Siku ya kwanza alilima eneo ambalo baba yao angelilima mwezi mzima. Mzee Apolinari alitembea nyuma ya plau akicheka peke yake. Watoto wake hawakuwahi kumwona hivyo.

Aliyeigundua mita ni Pudensiana. Ile saa ndogo ya kwenye dashibodi, inayohesabu muda ambao injini imefanya kazi. Jioni aliandika namba kwenye daftari: 4112. Asubuhi alikuta 4119.

Ufunguo ulilala chini ya mto wa baba.

Dizeli haikupungua hata kidole. Lakini sahani za plau, alizoziosha kwa mkono wake, zilikuwa na tope. Tope bichi. Mamba yote kulikuwa na vumbi.

Msomi hakosi maelezo. Akasema mita imeharibika, akachomoa waya wake kabisa, akaufunga kwenye kitambaa. Kulipokucha mita ilisoma 4127.

Enoka naye akaanza kubadilika. Aliamka viganja vimetoka malengelenge, wakati amelala kitandani tangu jua lizame na mama yao ni shahidi. Akaacha mizaha. Akaacha kula na wenzake. Pudensiana alipombana, alisema kitu kimoja tu.

"Huyu jamaa amechoka, Pude. Amechoka sana."

Jamaa gani? Enoka akamtazama kama vile yeye ndiye asiyeona.

Alhamisi, jua likiwa limebaki kidole kimoja, mama yao alimtuma Pudensiana apeleke uji shambani. Alilisikia trekta kabla ya kuliona. Taa hazikuwashwa. Lilikuja taratibu kwenye tuta, Enoka kwenye usukani, na harufu ile ikitangulia mbele yake.

Akatazama madigadi ya kulia.

Gunia lilikuwa limebonyea. Linabonyea, linainuka, linabonyea... kila trekta liliporuka tuta.

Lilifika mwisho wa shamba, likageuka, likampa mgongo. Vumbi likalifunika. Lilipogeuka tena kumwelekea, dereva hakuwa Enoka. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, shati lake limeozea mwilini, macho hayapepesi.

Enoka alikuwa amekaa kwenye gunia.

Trekta likasimama mbele yake. Injini ikanyamaza yenyewe. Yule mtu akashuka kwa shida, goti moja kisha jingine, kama mtu aliyesahau ardhi ilivyo. Alipompita Pudensiana, alinong'ona. Kwa adabu kabisa.

"Asante, dada. Mwenzangu amenipokea."

Akaingia kwenye majani, akielekea upande wa Inyonga. Majani hayakutikisika.

Enoka walimshusha akiwa na uhai. Jumapili alikufa. Padri alikuja, kwaya iliimba, wanaume sita walibeba jeneza, na wote sita walitazamana, kwa sababu halikuwa na uzito wa mtu. Asubuhi ya matanga mita ilisoma 4158.

Pudensiana alichukua panga na kiberiti, akaliendea gunia. Baba yake akamshika mkono.

"Ukilichoma, yeye atakaa wapi?"

Akaliweka panga chini. Alikwenda hadi Inyonga na hasira zake zote. Mzee Silvester hakukana lolote. Alisema na yeye alimkuta yule mtu juu ya gunia, kwa aliyemuuzia, na hakuwahi kumjua jina, na kama angelijua angemwita ashuke mapema. "Mimi nilitaka kulishusha, mjukuu. Nani alikataa?"

Kutoka hapo alipitiliza chuoni, na kabla maneno ya kumwita mtu jina hayajamwingia, barua ya baba ikafika. Trekta limeuzwa kwa mfugaji mmoja, Manyanda, ambaye naye ameshaliuza mbele. Baba alitaka kulibakiza gunia nyumbani. Mnunuzi aligoma. Alisema haking'oki kitu.

Tangu siku hiyo Pudensiana hajapanda jukwaa lolote. Anachosema ni hiki, na anamwambia kila anayesafiri njia za Katavi. Ukikutana na trekta jekundu, lina gunia madigadi ya kulia, na gunia limebonyea wakati hakuna mtu, usimuulize dereva chochote. Lisimamishe. Mwite Enoka, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Mwambie mdogo wake amesema ashuke.

Tafadhali. Usikae wewe.