Kiungo cha Saba

Roboti aitwaye Mshonadawa alinyoosha mkono wake wa kulia, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Karibu, Mama," kisha akamkabidhi diwani chupa yenye unga mweupe. Madiwani wakapiga makofi. Mmoja akasema wanawe mwenyewe hawana adabu kama ya roboti huyu.

"Ni kazi ya Dk. Saumu Kilua, mkuu wetu wa ushonaji," mwenyekiti wa baraza alieleza. "Zamani alikuwa anatoa vitu kwa mkono wowote, hata wa kushoto. Watu wakakasirika. Wiki tatu zilizopita Saumu akamfundisha ustaarabu."

Dk. Namkunda Mshana alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na sinki. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika Nyumba ya Ushonaji Dawa ya Tanga, na hakuna diwani aliyewahi kuuliza jina lake.

Na hapa lazima tuseme ukweli, maana mwenye wivu hasemi. Roboti yule asingeshona hata dawa ya mafua bila Namkunda. Dawa za kizazi hiki hushonwa kwa asidi amino, moja baada ya nyingine, kama shanga kwenye uzi. Lakini asidi amino ina ncha mbili, na zote mbili zina hamu ya kushikana na chochote kilicho karibu. Ukiziacha hivi hivi, zitajiunga ovyo, upate uji. Kwa hiyo ncha moja huvishwa kofia. Yenye kofia hukaa kimya, isiyo na kofia ndiyo hushika. Kiungo kikishakaa mahali pake, kofia huvuliwa, na kiungo kingine kinakuja. Zamani kofia zilivuliwa kwa asidi kali iliyoharibu nusu ya kazi. Namkunda ndiye aliyebuni kofia inayovuka kwa nuru tu, bila kuunguza kitu. Miaka sita alihangaika nayo, na katika miaka hiyo sita mume wake alichoka kumsubiri. Leo watu wanashangilia mashine kusema karibu.

"Mgema akisifiwa," alijisemea, akafungua maji aoshe mikono iliyokuwa safi.

Wivu wake ungekuwa wa kawaida, wa kazini, kama si Bi Mwantumu.

Bi Mwantumu Sefu ndiye aliyewafundisha wote wawili, Namkunda na Saumu. Alikuwa profesa mstaafu, mapafu yake yalikuwa yanakakamaa mwezi hadi mwezi, na alikuwa amelazwa katika chumba cha wagonjwa kilichokuwa upande wa pili wa ua. Dawa ya ugonjwa wake haikuwepo. Ilibidi ishonwe ya peke yake, kwa kipimo cha mwili wake. Namkunda alisubiri kuitwa. Alikuwa hata ameshachora mpangilio wa viungo kwenye karatasi. Bi Mwantumu akawaita wote wawili, akasema kwa sauti ya kukatikakatika: "Saumu atanishonea. Namkunda atakagua."

Atakagua. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa changu. Kwa siku kumi, Saumu na roboti wake walipokuwa wakishona, Namkunda hakulala vizuri hata siku moja.

Jumatatu hiyo hiyo ya madiwani, baada ya chakula cha mchana, Saumu alimletea dawa iliyokamilika.

"Dada, shikamoo. Imekwisha," alisema, akitabasamu. "Tunampa Ijumaa, mbele ya waziri. Nilikuwa nakuomba uikague taratibu, usiharakishe kwa ajili yangu."

"Marahaba. Weka hapo," Namkunda alijibu bila kuinua macho.

Alichukua tone moja akaliweka kwenye jicho-nuru. Chombo hicho hupitisha nuru iliyonyooshwa ndani ya kimiminika na kupima imepinda kiasi gani. Asidi amino nyingi huja kwa maumbo mawili, la kushoto na la kulia, kama kandambili: zimefanana, lakini ya kulia haikubali mguu wa kushoto. Mwili umejengwa kwa zile za kushoto. Dawa ya Bi Mwantumu ilikuwa na viungo kumi na vinne, kumi na vitatu vya kushoto na kimoja tu, cha saba, cha kulia. Kiungo hicho kimoja ndicho kilichobeba kila kitu. Vimeng'enya vya mwili hutafuna viungo vya kushoto kwa haraka, lakini vikikuta cha kulia meno yake hayashiki, na dawa inapata muda wa kufika kwenye mapafu.

Nuru ilitakiwa kupinda nyuzi kumi na tisa. Ilipinda ishirini na sita.

Namkunda akarudia. Ishirini na sita. Akaenda ghalani, akatoa chupa iliyotumika kwa kiungo cha saba kwenye kabati la kulia, la asidi za umbo la kulia, akaipima. Ilikuwa ya kushoto. Imo kwenye kabati la kulia, na ni ya kushoto.

Alisimama pale kwa muda, akimtazama Mshonadawa akifanya kazi yake. Kulikuwa na desturi aliyoiacha Bi Mwantumu mwenyewe: kila chupa, kabla ya kutumika, lazima ipite mkononi mwa mtu, aitazame, kisha airudishe. Roboti alichukua chupa kabati la kushoto kwa mkono wa kushoto. Alipomgeukia mhudumu, akaihamishia mkono wa kulia, akainama, akasema karibu. Mhudumu akaitazama, akairudisha. Na roboti, ambaye hasomi karatasi ya chupa bali daftari lake mwenyewe, akaangalia ni mkono upi ulioitoa. Wa kulia. Akaenda kuiweka kabati la kulia.

Ile adabu ndiyo iliyochanganya ghala.

Namkunda alicheka. Alicheka peke yake kati ya makabati, mkono mdomoni, na tusimfiche: ilikuwa ni furaha, na tamu kuliko zote alizozipata mwaka ule. Alisimamisha ugawaji wa chupa kwa kisingizio cha usafi, dawa nyingine isije ikaharibika, maana hakuwa mwovu kiasi hicho. Kisha akarudi mezani na kuifungia fomu ya ukaguzi kwenye droo, tupu.

Aliwaza hivi. Dawa haitolewi kabla ya Ijumaa. Ijumaa waziri atakuwepo, madiwani watakuwepo, Bi Mwantumu ataletwa kwenye kiti chake. Mwenyekiti atauliza, mkaguzi anasemaje? Hapo ndipo atakaposimama. Hakuna atakayedhurika, alijiambia, kwa kuwa hakuna atakayeimeza. Siku nne tu.

Jumanne Saumu alimletea chai. Jumatano alimuuliza, "Vipi Dada, kuna tatizo?" Namkunda akamwambia, "Subira, mdogo wangu. Ijumaa si mbali."

Alhamisi saa nne asubuhi muuguzi alikuja mbio. Bi Mwantumu alikuwa amebadilika. Pumzi ilikuwa inakata. Saumu akanyakua chupa ya dawa kwenye meza ya ukaguzi. "Hatusubiri waziri," alisema. "Nampa sasa."

Namkunda alimkimbilia. Walivuka ua wakifuatana, na alimfikia mlangoni mwa chumba, akamshika kifundo cha mkono.

"Usimpe. Kiungo cha saba kimekosewa. Ni cha kushoto."

Alieleza yote kwa haraka, kabati, daftari, mkono wa kulia. Saumu aliegemea ukuta. Uso wake ulipauka, na Namkunda, aliyeungoja uso huo siku tatu, hakuweza kuutazama.

Bi Mwantumu alikuwa amesikia. Alimwita kwa kidole. Namkunda akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Alivuta pumzi mara tatu kabla ya kuendelea. "Kushona... hata mashine inashona. Nilimpa Saumu kwa sababu wewe ungekuwepo kuona. Nilijua utaona."

Namkunda aliinuka, akaenda kunawa mikono. 

Walianza upya saa ile ile, wote wawili, kwa mikono, bila roboti. Lakini dawa ile inataka siku kumi. Kila kofia ina saa zake za kuvaa na saa zake za kuvuka, na hakuna machozi wala cheo kinachoziharakisha. Walikuwa kwenye kiungo cha kumi na tatu Bi Mwantumu alipofariki, Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi. Dawa ilikamilika Jumapili, wakati watu wakirudi kutoka makaburini.

Baada ya siku saba za matanga, baraza lilimwondoa Saumu katika ukuu wa ushonaji na kumpa Namkunda nafasi hiyo. Barua ilimsifu kwa jicho lake kali na kwa kukimbia kwake kuokoa maisha. Aliisoma mara moja, akaiweka kwenye ile ile droo.

Saumu alikuja kukabidhi funguo. Alikuwa amekonda.

"Nimekuja pia kukushukuru, Dada," alisema. "Mimi ndiye niliyemuua Mwalimu. Mimi na adabu zangu. Lakini kama usingegundua ile Alhamisi, ningemnywesha kwa mkono wangu, na hilo nisingelibeba."

Angeweza kunyamaza. Mtu pekee ambaye angeweza kumuuliza alikuwa kaburini, na hata yeye hakuuliza.

"Jumatatu," Namkunda alisema.

"Nini, Dada?"

"Sikugundua Alhamisi. Niligundua Jumatatu ile uliponiletea, saa tisa alasiri. Nikanyamaza ili nikuaibishe mbele ya waziri."

 Saumu aliweka funguo mezani, akainua mkono wa kushoto na kuanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitembea bila sauti, siku kumi za kushona tangu Jumatatu ile: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Akavimaliza vya mkono mmoja, akahamia mwingine. Alipofika siku ya kumi kidole kilisimama. Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya ile Jumamosi ya Mwalimu.