Mfinyanzi wa Kumalizia Hasira

Kazini walimwita Bwana Samahani, na hakuwahi kulipinga jina hilo, labda kwa sababu hata kulipinga kungemlazimu aanze na "samahani".

Alikaa dirisha la malalamiko katika ofisi ya maji. Mbele yake kulikuwa na kioo kinene, na katikati ya kioo tundu la duara la kupitishia sauti. Mate nayo yalipita. Watu walifika asubuhi wakiwa wamechoshwa na mabomba yanayokohoa hewa. Aliyewafungia maji hawakumjua, kwa hiyo walimtukana waliyemwona. Walimtukania mama yake, kichwa chake, shule alizosoma. Yeye alitabasamu na kusema maneno aliyofundishwa: "Samahani kwa usumbufu. Malalamiko yako yamepokelewa." Kisha akameza. Koo la mtu huyu lingepasuliwa, pengine lingekutwa na matusi ya miaka mingi, yamepangana kama sahani kabatini.

Nyumbani alikuwa vilevile, ila huko upole wake ulikuwa na thamani. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea pale pale sebuleni, alimchagua kwa ajili ya upole huo. Alikulia katika nyumba ambayo baba akirudi, watoto walisikiliza kwanza anavyovua viatu, ndipo wajue kama watakula au watajificha. Akajiapia kuwa ataolewa na mtu ambaye hata akifungua mlango ghafla, mkewe hatajichoma sindano. Akampata. Majirani walimtania kwamba mumewe humwomba nzi radhi kabla ya kumpunga.

"Nyie endeleeni na simba wenu," aliwajibu. "Mimi nalala usingizi."

Mashine ya gemu ililetwa na shemeji, mdogo wa mkewe, muuza simu mwenye mdomo usiojua likizo. Alikuja nayo Jumamosi mchana ndani ya boksi la viatu, akaiunganisha kwenye televisheni.

"Shemeji, wewe utakufa na presha. Kaa hapa. Humu ni zamani za kale, babu wa babu yako hajazaliwa. Una mkuki, una farasi, una dunia nzima. Nenda unakotaka, fanya unachotaka."

"Samahani, na mchezo wenyewe unaisha lini?"

"Hauishi! Uzuri wake ndio huo."

Aliupenda, na si kwa sababu mbaya. Alikuwa mtu wa kusoma, na humo aliona mambo aliyowahi kuyasoma tu: mto mpana wenye matope, mahekalu ambayo bado yanajengwa, watumwa wakivuta mawe kwa kamba, mashamba ya shayiri hadi upeo wa macho. Alimpandisha farasi wake juu ya kilima akakaa kutazama tu. Alirudisha mbuzi waliopotea, aliwakomboa mateka, na kila kazi ilimwongezea nguvu na ngao bora zaidi.

Kwenye lango la kusini la mji mkuu palikuwa na mfinyanzi. Alikaa mbele ya gurudumu lake akiuelekea ukuta, udongo umemfika viwikoni. Ukipita, aligeuza kichwa, akatabasamu, akasema kwa lugha ngeni ya mchezo, maana yake ikiandikwa chini ya skrini: "Karibu, msafiri. Udongo wa leo ni mzuri." Hakuwa na maneno mengine.

Siku moja mwanamke mmoja alimmwagia Bwana Samahani chupa nzima ya maji machafu kupitia lile tundu. Mkuu wake wa kazi akaja mbio, akamwamuru amwombe mwanamke msamaha. Akaomba, shati likimgandia kifuani. Alirudi nyumbani, akamwomba mkewe radhi kwa shati, akakaa mbele ya televisheni.

"Karibu, msafiri," alisema mfinyanzi, akatabasamu.

Tabasamu lile alilijua. Alilivaa yeye mwenyewe kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha. Akalichukia kama ambavyo hajawahi kumchukia binadamu. Akamchoma mkuki.

Askari wa lango walimzingira wakamuua, na mchezo ukamrudisha nje ya mji, mahali alipokuwa amehifadhi safari yake. Akaingia tena. Mfinyanzi alikuwa mzima. "Karibu, msafiri. Udongo wa leo ni mzuri." Bwana Samahani alijisikia mwepesi, kama aliyetoka kuoga. Alikula vizuri. Alimchekesha mkewe mpaka akashika mbavu.

Ikawa ndiyo dawa yake. Anahifadhi nje ya lango, anaingia, anammaliza mfinyanzi, anarudi alipohifadhi. Hakuna aliyeumia; ndivyo alivyojiambia, na ni vigumu kumlaumu. Ni wangapi kati yetu wana mahali salama pa kutapikia walichomezeshwa?

Kisha akakuta gurudumu limegeuzwa. Mfinyanzi sasa aliupa ukuta mgongo na kuelekea langoni.

Siku nyingine mikono ilimtetemeka mfinyanzi, chungu kikamponyoka.

"Shemeji," aliuliza, "yule mfinyanzi wa langoni huwa anabadilika?"

"Yule? Yule ni pambo, shemeji, kama ua la plastiki. Hana akili hata ya kufukuza kuku."

"Ananiogopa."

Shemeji alicheka hadi machozi. "Basi wewe ni wa kwanza duniani kuogopwa huku unasema samahani!"

Lakini mfinyanzi aliogopa. Siku moja aliinua mikono usoni kabla farasi hajasimama, na jambo hilo likampandisha Bwana Samahani hasira kuliko mate na matusi yote ya dirishani. Anaogopa nini? Amefanywa nini? Si kila siku anaamka mzima, bila hata mkwaruzo? Kwa haki gani anamtazama hivyo?

"Shusha mikono," aliiambia skrini, meno yamebana. "Nimesema shusha!"

Cherehani ikanyamaza.

"Nani yuko hapo?" mkewe aliuliza kutoka nyuma yake.

"Ni mimi."

Mkewe alirudi kwenye mshono wake. "Nilidhani kuna mtu ameingia."

Kesho yake mfinyanzi hakutabasamu. Chini ya skrini hapakuandikwa kitu. Sauti ilitoka ya chini, ya mtu aliyechoka, na haikuwa lugha ya mchezo. Ilikuwa lugha ya nyumbani.

"Leo amekukosea nani?"

Alimchoma. Akamchoma tena akiwa chini. Aliendelea hata askari walipofika, hata skrini ilipoingia giza.

Aliporudi langoni, mfinyanzi hakuwepo. Gurudumu halikuwepo. Ardhi ilikuwa imefagiliwa.

Alimtafuta mji mzima. Alijaribu muuza samaki, kisha mpiga kinubi, kisha kuhani. Walianguka kama magunia, hasira haikutoka. Ilibaki kwenye kifundo cha mkono, ikipiga kama jino bovu. Akaenda nayo kazini, akarudi nayo, akalala nayo kando ya mkewe.

Aliyeifungua alikuwa mteja mwenye shati safi na sauti ya upole. Aliinama kwenye tundu, akauliza kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Mkeo anajua ameolewa na kitambaa cha kufutia miguu?"

Foleni ikacheka. Mkuu wake wa kazi akacheka. Yeye akasema, "Samahani kwa usumbufu."

Jua la alasiri lilikuwa likiupiga mlango wa nyumba yake, mlango wa buluu, alipofika na mkoba begani. Ndani cherehani ilikuwa ikikimbia. Akafungua.

"Umerudi?" mkewe alisema bila kuinua kichwa. "Bomba kavu tangu asubuhi, na mimi nimeolewa na mtu wa maji! Sasa malalamiko nipeleke dirisha gani, bwana?" Akacheka.

Ulikuwa utani. Alijua ni utani.

Mkono haukujua.

Mkewe alianguka upande. Kichwa kilipiga chuma cha cherehani. Gurudumu la mashine lilizunguka kidogo, likasimama. Alimtazama mumewe kwa macho ya mtoto anayesikiliza viatu. Kisha hakutazama kitu.

Mume alipiga magoti. Akamwita. Akasema samahani. Akasema tena. Akasema hadi neno likageuka sauti tupu.

Akajikuta nje.

Mkoba begani. Jua mlangoni. Ndani, cherehani ikikimbia.

Alifungua.

"Umerudi? Bomba kavu tangu asubuhi, na mimi nimeolewa na mtu wa maji! Sasa malalamiko nipeleke dirisha gani, bwana?" Kicheko kile kile. Pumzi ile ile.

Mkoba ukaanguka. Alimkumbatia akalia kama mtoto. Lakini mwili wa mkewe ulikuwa mgumu kama ubao mikononi mwake.

"Mbona unatetemeka?" alimuuliza.

"Sijui," mkewe alinong'ona. "Ulipofungua mlango, nimejichoma sindano."

Tangu hapo nyumba ilibadilika. Mkewe aliacha kumpa mgongo. Aliacha utani. Mume akisogea kuchukua kikombe, yeye alikuwa tayari amefika upande wa pili wa meza, na alipogundua kwamba amekimbia, alijishangaa. Mwishowe alilipuka.

"Hujanifanya kitu! Hilo ndilo linaloniua. Hujawahi kuninyanyulia hata sauti, na mwili wangu hautaki kukaa na wewe chumba kimoja. Niambie. Umenifanya nini?"

Angekiri vipi jambo ambalo halikutokea? Alisimama katikati ya sebule, na jambo la kutisha ni kwamba kitu kilimpanda kifuani, kitu anachokijua: anaogopa nini huyu? Si mzima?

"Samahani," alisema, akatazama sakafu.

Mkewe alihamia kwa mama yake. Shemeji ndiye aliyekuja kuchukua cherehani, na safari hii mdomo wake haukuwa na mzaha.

"Ulimgusa dada yangu?"

"Samahani, shemeji, mimi..."

"Usiniambie samahani! Nimekuuliza, ulimgusa?"

"Hana jeraha. Si umemwona?"

"Nimemwona. Dada yangu anaonekana mzima, lakini hapiti mlangoni mpaka achungulie. Mama analia. Mimi sielewi, na nisichokielewa kinanipa hasira kuliko ninachokielewa." Alivuta padi ya kuchezea. "Na gemu langu naondoka nalo."

Aliwasha mashine ahakikishe inafanya kazi. Akafungua ukurasa wa safari zilizohifadhiwa, kila moja na picha yake ndogo ya mahali ilipohifadhiwa. Akasogea karibu na skrini.

"Shemeji. Hii nini?"

Haikuwa picha ya lango la kusini. Ilikuwa mlango wa buluu, unapigwa na jua la alasiri. Mbele yake mtu ameshika komeo, mkoba begani, anaonekana kwa nyuma.

"Huu si mlango wenu? Nani amepiga?"

Shemeji alishuka chini kwenye picha inayofuata. Mlango ule ule. Jua lile lile. Mtu yule yule. Akashuka tena. Akashuka. Kidole kilibonyeza na kubonyeza, na milango ya buluu ikapanda skrini mmoja baada ya mwingine, bila mwisho.

Bwana Samahani alikumbuka alasiri moja tu.

Shemeji aliweka padi chini taratibu. Akajifuta mikono kwenye suruali. Akabeba cherehani ya dada yake akatoka, na gemu lake hakulirudia.

Aliyebaki alizifuta picha zote. Ilimchukua muda mrefu. Kesho yake alasiri aliwasha kuhakikisha.

Palikuwa na moja. Mpya.

Lilikuwa geti, limefungwa. Geti la kijani. Moyo ulimruka, kisha ukatulia: umbo lilifanana na la kwa mama mkwe, lakini la mama mkwe lilikuwa la kutu tupu. Hakuwahi kuliona la kijani. Hata hivyo alipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti kavu.

"Samahani, mama. Geti lenu lina rangi gani?"

"Umemfukuza mwanangu kwa vitisho visivyo na jina, halafu unanipigia kuulizia geti?" Alivuta pumzi. "La kijani. Fundi amelipaka leo. Ndiyo kwanza ameondoka. Nani amekwambia?"

Alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Mama, nisikilize. Nikija hapo, asinifungulie. Hata nikilia. Hata nikiapa sijamfanya kitu. Wewe pia usinifungulie."

Mama mkwe alitoka nje na simu mkononi. Simu ilileta mlio wa ndala zikivuka ua, zikasimama. Kwa mbali mkewe aliuliza, "Kuna nini, mama?" Sauti ya mama mkwe iliporudi ilikuwa mnong'ono.

"Rangi bado mbichi. Tangu fundi aondoke hakuna aliyekuja, hakuna aliyetoka. Lakini kuna mtu ameweka kiganja hapa, upande wa nje, karibu na komeo."

Alikitazama kiganja chake. Kilikuwa kikavu, safi.

Akaenda kukiosha.