Rota Niliyoifunga Pindoni

Nina miaka thelathini na miwili, sijaolewa, sina mtoto, na darasa langu la mwisho lilikuwa la tano. Naandika haya nikiwa na hasira. Nimeingoja ipoe miaka minne sasa, haipoi... Wasomaji wenzangu wengi wa gazeti hili huandika wakililia waume na wachumba waliowatenda. Mimi nalilia Landrova! Cheka ukipenda. Ukimaliza kucheka, endelea kusoma.

Kwetu ni kijiji kimoja bara kidogo ya Kiranjeranje. Mama alitutoka mapema. Baba alikuwa dereva wa wapima barabara, na wale watu walipomaliza kazi yao wakamwachia gari moja lililokufa. Walilivuta hadi uani kwetu wakalitua kando ya mkorosho, nao wakaenda zao. Baba aliapa kulifufua. Jioni hulala chini yake, mimi nikimpa spana, na kila aliyoitaka nilijua namba yake kabla hajaimaliza kuitaja.

Hakulifufua. Homa ilimchukua kwa siku nne tu. Uhuru ulikuwa bado mpya, na mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Mdogo wangu Mfaume alikuwa na tisa, na Somoe, kitinda mimba wetu, sita.

Baada ya arobaini ndugu wa baba wakaja kutugawa. Ndiyo, kutugawa! Somoe aende huku, Mfaume aende kule, mimi niozwe. Nikasimama mlangoni nikawaambia hapa haondoki mtu. Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. "Utawalisha nini, binti? Grisi?"

Nikaacha shule wiki ile ile. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: sisi watatu tubaki nyumba moja.

Na ili tubaki, nikaweka sheria. Kwetu hakuna kusema "yangu". Somoe akisema "uji wangu", namrudisha: "Uji wetu." Shamba letu, jembe letu, kanga zetu. Niliona yatima wakishaanza kusema yangu na yako, basi wamekwisha. Nilidhani nawajengea ukuta... Kumbe!

Gari lilinichukua miaka sita. Nilipoanza kulitengeneza, kuku walikuwa wanataga chini ya boneti. Nililima, nikaokota korosho, nikasuka mikeka, na kila kilichobaki baada ya tumbo kilikwenda kwenye gari. Somanga kulikuwa na jingine la aina hiyo hiyo, limepinduka na kutelekezwa, na mwenyewe akaniruhusu nichukue ninachoweza kubeba. Nilibeba kabureta, nikabeba springi, nikabeba giaboksi kwa kuitungika mtini mimi na rafiki yangu muuza samaki hadi kwenye lori! Gasketi nilikata kwa makaratasi magumu ya maboksi. Tangi lilipovuja nililikandika sabuni ya mche. Somoe alisugua kutu kwa mchanga na makumbi mpaka vidole vikachubuka.

Tena sikulirudisha lilivyokuwa. Nyuma nilikata bati, fundi seremala akanijengea bodi ya mninga yenye mabenchi marefu. Springi nikaziongezea vipande vya chuma zibebe mzigo. Ekzosi nikaipandisha juu hadi usawa wa paa ili tuvuke mto Mavuji wakati wa mvua bila injini kumeza maji, na nyaya za plagi nikazivika vipande vya tyubu. Wanawake kisimani walinisema vilivyo. "Binti Salumu, hilo gari utalizaa lini? Mimba ya miaka sita!" Nami huwajibu, "Likizaliwa mtaomba kupanda."

Likazaliwa. Asubuhi moja nilizungusha hendeli mara tatu, likakohoa, likawaka! Somoe alicheza uani kama mwali. Mfaume, aliyekuwa likizo kutoka shule, alilizunguka akilipigapiga. "Gari letu, Dada! Gari letu!"

Lilitulisha. Lilimsomesha Mfaume mpaka akamaliza. Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini, ni gari lile lililobeba milango, vyungu na wazee wa watu kutoka porini. Sikumkatalia mtu. Basi niambieni, nilikuwa bepari mimi? Bepari gani anayelala chini ya injini na mtama wa chakula haujapurwa?

Lakini Mwenyekiti wetu alilitamani. Alianza kusema kwamba katika kijiji cha ujamaa mtu mmoja kuwa na gari ni unyonyaji. Sikutishika. Nilikuwa na jasho langu, na nilikuwa na mdogo wangu, kijana msomi wa Chama, msaidizi wa katibu. Nani angenigusa?

Ukaitishwa mkutano. Kijiji kizima kilikaa mbele ya ofisi. Yakazungumzwa mambo ya shamba la pamoja, kisha Mfaume akainuka, shati jeupe, kalamu mfukoni. Nikafurahi jamani! Nilijua anakuja kunitetea.

"Dada, hebu simama," akasema kwa upole. "Waambie ndugu zetu. Gari lile ni la nani?"

Nikasimama. Miaka kumi na miwili kinywa changu kilikuwa hakijui neno jingine. Nikajibu bila kufikiri:

"Letu."

"Mmesikia!" Mfaume alipaza sauti. "Kasema mwenyewe!"

Makofi yakalipuka. Vigelegele! Nikapiga kelele, "Letu sisi watatu! Nyumbani kwetu!" Nani alinisikia? Walikuwa wameshaanza kuimba. Mwenyekiti akanionyesha chini kwa kidole. "Keti, binti. Umeshasema."

Siku ile ile walilisukuma hadi ofisini.

Nilimkabili Mfaume jikoni, ugali ukiungua. Nikamuuliza amenifanya nini. Unajua alinijibu nini? Alikunja mikono ya shati lake taratibu akasema, "Si wewe uliyetufundisha, Dada? Leo unataka kusema yangu?"

"Nilisema sisi watatu!"

"Na wanakijiji si ndugu zetu?" Akatabasamu. Wallahi, alitabasamu! Alijua nitajibu nini kabla hajaniuliza. Alinijua kama mtu anavyoijua njia ya kisimani. Wiki iliyofuata akapewa ukatibu, na ufunguo wa gari.

Basi nilikaa nikitazama. Gari langu... ndiyo, sasa nasema langu... likimpeleka Mwenyekiti ngomani, likichota maji ya mke wake mdogo, likitoa moshi mweusi kwa kukosa oili. Ile bodi ya mninga ilivunjwa benchi moja ili ipite mizigo ya watu wakubwa. Nilipomwambia Mfaume giaboksi inalia, alinijibu mbele za watu kwamba dada yake hajazoea maendeleo. Wakacheka.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wako msikitini. Nilikwenda ofisini mchana kweupe, nikafungua boneti, nikatoa kofia ya distribyuta, na ndani yake nikachomoa rota. Kwa asiyejua, rota ni kijidude cheusi, kinafichika kiganjani. Kinazunguka mle ndani kikigawa moto kwa plagi. Bila hicho gari haliwaki, hata ulisukume mpaka Lindi! Nikarudisha kofia kama ilivyokuwa. Rota nikaifunga pindoni mwa kanga, nikatembea hadi barabara kuu, nikapanda lori kwenda Somanga kwa rafiki yangu yule muuza samaki. Sikumuaga mtu. Nilitaka gari liwagomee, wanitafute wasinione siku mbili tatu, na mwisho Mfaume aje kunipigia magoti. Nilicheka peke yangu juu ya lori. Nilicheka!

Somoe alikuwa ameolewa pale pale kijijini, mimba yake ya kwanza, siku zake zimekaribia. Nilijua. Sitaki kujificha, nilijua. Nilijiambia bado wiki mbili.

Uchungu ulimshika Jumamosi alfajiri. Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye. Mtoto alitanguliza mkono, na mkunga akasema huyu si wa kwangu, apelekwe hospitali haraka. Wakakimbilia gari. Mfaume akazungusha hendeli. Likanyamaza. Akazungusha tena, akazungusha mpaka viganja vikachunika. Kijiji kizima kikasukuma, wanawake na watoto, kutoka ofisini hadi mwisho wa nyumba, wakarudi. Mfaume alifungua plagi akazipuliza, akafungua kabureta akaipuliza. Kofia ya distribyuta hakuifungua. Nilipokuwa nikiwafundisha mambo yale uani, yeye alikuwa akisoma gazeti.

Na muda wote ule Somoe alikuwa akiita, "Mwiteni Dada! Dada atalijua!"

Wakanitafuta shambani, wakanitafuta kisimani. Mwisho wakambeba juu ya kitanda hadi barabara kuu, matope hadi magotini. Lori lilipita alasiri. Hospitali walimwokoa mama. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa. Na Somoe akaambiwa hatazaa tena...

Habari ilinifikia Jumapili, samaki wakichemka ndani ya mafuta. Utingo wa lori alishuka kununua, akasema kama anayezungumzia mvua, "Huko Kiranjeranje kuna mzazi alibebwa kitandani. Ati gari la kijiji liligoma." Nikalishika pindo la kanga yangu. Lilikuwa bado limefungwa.

Nilirudi. Je, nilisema? Sikusema! Nilipita ofisini watu wakiwa msibani nikairudisha rota mahali pake. Jumatatu Mwenyekiti akaamuru gari lijaribiwe mbele ya watu. Mfaume akazungusha mara moja tu, likawaka.

Kisha mume wa Somoe akamnasa Mfaume kibao. "Jumamosi ulikuwa unatuchezea?" Wakamzonga wote. Mwenyekiti, kujiokoa, akawa wa kwanza kusema dereva ni mzembe, na ukatibu alipewa kwa makosa. Mfaume alilitazama gari, kisha akanitazama mimi. Siku ya tatu alipanda lori la korosho akaondoka.

Na ufunguo wakanipa nani? Mimi! "Binti Salumu ndiye mjuzi, alishike yeye." Nikaupokea. Mwaka mzima nililiendesha gari lile huku wanawake wakinibariki njiani.

Nilishindwa siku Somoe aliponishukuru. Tulikuwa tunamenya muhogo. Mumewe alikuwa amekwisha kumrudisha kwangu kwa kuwa hazai. Akasema, "Afadhali wewe, Dada. Ungekuwepo siku ile, mwanangu angekuwa anatambaa." Kisu kikanianguka. Nikamweleza yote.

Hakulia. Alimaliza kumenya muhogo uliokuwa mkononi, akauweka ndani ya maji. Akasema, "Ungeniambia mimi tu unakwenda wapi. Mimi tu." Kesho yake akafunga vitu vyake akaenda kwa watu baki, Lindi. Nikimwandikia hajibu.

Nikaeleza mbele ya mkutano, nikarudisha ufunguo. Wengine walinitemea mate, na wamefanya vyema. Kisha nikamtafuta Mfaume hadi nikampata Mtwara, anabeba magunia. Nilimwambia habari ya rota. Akafuta jasho.

"Nilijua, Dada. Lilipowaka tu, nilijua."

Nikamuuliza, mbona alikubali kuzomewa na kupigwa kwa kosa lisilo lake?

"Ningesema nini? Mimi nilikuibia gari, wewe ukaniangusha. Nikaona tumelipana."

Tumelipana! Wasomaji wenzangu, neno hilo ndilo linaloniunguza hadi leo. Mimi na yeye tumelipana, na aliyetoa malipo ni Somoe! Ndugu wawili tulishindana akili juu ya chuma, na katikati yetu tukaweka tumbo la mdogo wetu. Nilimpiga Mfaume kofi pale pale mbele ya wapagazi. Naye hakuurudisha mkono. Alijitwika gunia lake akaingia ghalani.

Kwa hiyo sikilizeni. Ninyi mnaopora jasho la mtu kwa maneno matamu ya umoja, laana yake mnayo, sitawaombea kwa Mungu. Ujamaa tuliuelewa sisi tuliowabeba watu bure, si ninyi mliotamani kubebwa! Na wewe uliyedhulumiwa, nakusihi: pigana palepale. Piga kelele mkutanini mpaka wakutoe kwa nguvu. Nenda mahakamani, nenda kwa kadhi, kaa barabarani uwatukane. Watakuita mkorofi, na wakuite. Lakini kisasi cha kufichaficha usikiguse. Kama sasa hivi unacho mahali umekificha, inuka ukakitoe kabla hujamaliza ukurasa huu, kwa maana hujui nani ameshaanza kuita jina lako.