Ukoo Usiotoka Shambani

Hebu fumba macho kidogo, upate picha ya jiko la shambani huko Westfalia, mwezi wa Novemba, saa nne asubuhi. Ukungu umeegemea madirisha. Mezani kuna mkate mweusi, siagi na birika la kahawa. Bibi mmoja anamenya viazi. Mwanamume amesimama mlangoni, ameshika kibao cha shaba kilichokuwa nje kando ya kengele, na maji ya rangi ya chai yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Reinhild," alimwita mkewe, "nani amefuta jina langu?"

Huyo ni Ansgar Tölle, mwalimu wa shule ya msingi. Kibao kilichongwa majina mawili, la mkewe na lake: Wessenkolk na Tölle. La kwanza lilikuwepo. Mahali pa la pili shaba ilikuwa laini kama haijawahi kuguswa na patasi, na ilinuka maji ya kinamasi yaliyolala miaka mingi.

"Hiki ni kibao cha tatu," alisema Ansgar. "Fundi ataniona nimerukwa na akili."

"Fundi hana kosa," alijibu bibi bila kuinua uso. Aliitwa Adelheid, nyanya yake Reinhild, naye ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. "Mume wangu aliingia humu akiitwa Brandes. Baba yake Reinhild aliingia akiitwa Lüning. Wote wakaacha majina yao pale kizingitini pamoja na viatu vyenye tope. Huku kwetu, mwanamume akioa kwenye shamba, shamba ndilo linalomwoa yeye. Wewe tu ndiwe uliyejifanya jogoo."

"Jogoo mwenye vyeti, Bibi," Ansgar alitania.

Bibi Adelheid hakucheka. Reinhild pia hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na alikuwa ameweka kiganja ukutani akisikiliza. Ndani ya ukuta kitu kilikuwa kinapumua taratibu, pumzi yenye maji, kama mtu mwenye kikohozi anayejitahidi asisikike.

Siku zile wenzi hao walikuwa wanapanga kuhamia Osnabrück kabla mtoto hajazaliwa. Nyumba walishapata. Kilichobaki ni kufungasha, na kuamua mtoto ataitwa ukoo gani. Ansgar mwanzoni alitaka aitwe Wessenkolk. Alipenda majina ya koo, na aliwahi kupekua vitabu vya simu vya nchi nzima. Watu wa ukoo wa Tölle aliwakuta kila pembe. Wessenkolk aliikuta mara moja tu, kwenye simu ya jiko lile lile.

"Jina adimu kama hili ni hazina," alikuwa akiwaambia walimu wenzake. Basi akaenda kwa mchungaji kuomba vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na vifo, ili amwandikie mwanawe asili ya hazina hiyo.

Alirudi jioni yake. Reinhild alimkuta ameketi na koti bado liko mwilini.

"Umeona nini?"

"Funga mlango kwanza." Alinong'ona. "Nimehesabu miaka mia nne. Wasichana walioolewa nje wakabadili jina, waliishi, wakazeeka, wakaona vitukuu. Waliotoka na jina hili, hakuna aliyemaliza mwaka. Mmoja alikuwa mwanajeshi, mmoja fundi saa, mmoja alivuka bahari mpaka Amerika. Kando ya kila mmoja mchungaji wa zamani ameandika neno lile lile: alizama. Fundi saa alizama kitandani, Reinhild."

Reinhild alikaa chini. Alikuwa na kaka, Gereon, aliyehamia Bremen miaka sita iliyopita. Huko mjini mlango haujulikani kwa namba. Unajulikana kwa ukoo ulioandikwa kando ya kengele, na Gereon aliandika wake kwa herufi kubwa, kwa fahari. Walimkuta ghorofa ya tano, kwenye kochi, nguo kavu, mapafu yamejaa maji ya kahawia.

"Kumbe kile kitu cha ukutani kilimfuata, kikasoma jina kwenye kengele," Reinhild alisema polepole. "Bibi! Bibi, wewe ulijua?"

Bibi Adelheid alikuwa amesimama kwenye ufa wa mlango. Aliingia, akaketi, akaanza kusema kwa sauti ya chini sana.

Alisema mtu wa kwanza wa shamba lile alikuja na njaa, akachimba kinamasi apate ule udongo mweusi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, akafika kwenye shimo ambalo halikuwa na mwisho. Mle shimoni mlikuwa na jini. Halikutaka damu wala mbuzi. Lilikuwa na jina, lakini hapakuwa na kinywa cha kuliita, na upweke ule ulikuwa umelitesa tangu dunia ikiwa maji. Likamwambia: nitakausha ardhi hii, ulime, ushibe, wewe na wote watakaolala humu mtaitwa kwa jina langu, ili nisikie nikiitwa kila siku.

"Kwa hiyo jina si letu," alisema Ansgar.

"Halijawahi kuwa letu. Anayetoka nalo amebeba mali ya mwenyewe, na mwenyewe hufuata mali yake. Gereon nilimwambia. Akaniita mshamba."

"Basi kesho Reinhild analiacha," Ansgar alisema. "Sheria inaturuhusu. Tunakwenda ofisi ya usajili, tunachagua Tölle iwe jina letu sote wawili, na mtoto pia."

Ukutani ile pumzi ilikoma ghafla.

Asubuhi walipanda gari. Ofisi ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Walipita kanisani, wakapita daraja, ukungu ukazidi, na barabara ikawatoa mbele ya ghala lao wenyewe. Waligeuza. Mara ya pili walihesabu miti, wakashika mkono wa kulia daima, na ghala likawangoja pale pale, mlango wake ukiwa wazi kidogo kuliko mwanzo. Mara ya tatu Ansgar aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, akifuata mstari mweupe wa lami kama mtu anayefuata uzi gizani, na mstari ukaanza kulowa, ukawa wa kahawia, na maji yakapanda kwenye sakafu ya gari yakinuka kinamasi, yakafika vifundoni mwa Reinhild, yakafika magotini, na mtoto tumboni akageuka kwa nguvu kana kwamba naye anatafuta mlango, na milango yote minne ilikuwa imegoma kufunguka.

"Ansgar," Reinhild alinong'ona, "linanijua. Haliniachi."

Ndipo waliposikia sauti uani; kumbe gari lilikuwa limerudi tena mbele ya ghala.

"Wessenkolk!" Bibi Adelheid alikuwa amesimama katikati ya ua, aproni kiunoni, mwiko mkononi, akiita kama anavyoitwa mtu chakulani. "Wessenkolk, njoo! Supu inapoa! Wessenkolk!"

Maji yalisita.

"Bibi, ingia garini!" Reinhild alipiga kioo. "Tafadhali, Bibi!"

"Nyamaza wewe, endesheni! Kinachoitwa hakiondoki!" Kisha akageukia ghala, sauti ikalainika kama ya mama. "Wessenkolk, wangu wee, njoo ukae."

Maji yalishuka. Ukungu ukafunguka kama pazia, na barabara ikaonekana yote. Nyuma yao walimsikia akiita mpaka darajani, na hata baada ya daraja.

Bi Pohlschröder wa ofisi ya usajili alitazama viatu vyao vilivyolowa, akasema kwa upole, "Mvua huko kwenu?" Reinhild aliandika Reinhild Tölle, na muhuri ukagonga. Wakati huohuo shambani, Bibi Adelheid alikuwa ameita saa moja na nusu bila kunywa maji.

Mtoto alizaliwa Januari huko Osnabrück, msichana, mapafu safi, kilio cha kuamsha wodi nzima.

Walimsihi bibi ahame. Alikataa. Alisema jambo hili ni kama ng'ombe wa maziwa, huwezi kuruka siku. Huita asubuhi, huita mchana, huita jioni. Jumapili humpigia mjukuu wake simu, naye hukatisha maongezi saa sita kamili, aweke sahani mezani na kuita. Wiki iliyopita aliita mara moja tu, kwa sauti iliyokauka, na Reinhild akasikia upande wa pili, karibu kabisa na simu, kitu chenye maji kikiitika.

"Bibi, nani huyo?"

"Kula, mjukuu wangu, usipoze chakula," alisema bibi, akakata.

Ana miaka themanini na tisa. Reinhild aliitwa kwa jina lile miaka thelathini na moja, na hajui kama muhuri wa ofisi utatosha kulisahaulisha jini siku sauti ya bibi ikikatika. Basi mwenzangu, mengine yote ukiyasahau si neno. Kumbuka hili moja tu, ukae mezani popote ulipo: mwombee bibi yule pumzi.